Kaniki Niliyoiba kwa Macho

Ashukuriwe Mungu, mwenye mizani isiyolalia upande, ambaye tangu aumbe dunia hajampimia kiumbe wake kwa mkono mfupi. Mimi amenipa siku nyingi na sasa amenibakizia meno machache, na kwa vyote viwili namwambia ahsante. Haya ninayotaka kuyasimulia yalikuwa yake kabla ya kuwa yangu, kwa maana ndiye aliyenipa shangazi.

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea kaniki mpya, akaikunjua juu ya kitanda changu ili nione urefu wake. Chumba kizima kikajaa ile harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua: harufu nzito ya rangi, chungu kidogo puani, kama majani yaliyolowa siku nyingi kwenye maji ya mvua na kisha yakaanikwa karibu na moshi. Mjukuu aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilimwambia nimefurahi. Ni kweli nilifurahi, lakini wakati ule sikuwa chumbani. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka la Bwana Mselemu, Mpwapwa, wakati wa Mdachi, nimekumbatia kibao changu cha kuandikia, nami nimeshaanza kuogopa.

Nyumba yetu ilikuwa tembe refu la udongo upande wa machweo ya mji. Ukitoka jua likichomoza, unaingia Mpwapwa umande haujakauka. Baba alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Alikubali niende misheni kujifunza kusoma, jambo ambalo majirani walimcheka kwalo, kwa kuwa binti wa Kigogo alitakiwa kujua kutwanga uwele, kukamua na kukandika paa. Baba aliwajibu mara moja tu: "Atakandika paa na atasoma." Hakurudia.

Mwalimu wetu wa misheni alikuwa kijana mwembamba aliyependa sana amri kumi. Kila wiki alitufundisha moja, na alipofika kwenye ile ya mwisho, inayokataza kutamani cha mwenzako, alisimama katikati yetu akainua kidole. Alisema wizi hauanzii mkononi. Huanzia machoni, ukashuka moyoni, na mkono ni mjumbe tu anayetumwa baadaye. Anayetamani, mbele za Mungu ameshaiba. Wenzangu waliitikia kwa sauti. Mimi sikuitikia, maana nilijijua.

Kila siku nikitoka misheni nilipita dukani kwa Bwana Mselemu. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole, na watu walimheshimu kwa sababu hakuweka mchanga kwenye chumvi. Karibu na mlango, juu ya benchi, kulikuwa na jora la kaniki. Nguo yangu mimi ilikuwa kipande cha merikani kilichokwisha kuwa rangi ya vumbi. Basi nilisimama pale nikavuta ile harufu, nikaliangalia lile jora mpaka macho yakaniuma, nikajiona nimejifunga kaniki mpya naingia nayo kanisani, na wasichana wote wamegeuza shingo. Sikuwahi kuigusa. Lakini kuitamani, Mungu anajua, nilitamani kwa nguvu zote za mtoto.

Wiki moja Bwana Mselemu alilala na homa. Aliyeuza dukani alikuwa shemeji yake, Athumani, mtu mrefu kama nguzo ya zizi, mwenye mikono inayoning'inia hadi karibu na magoti. Wiki ile wanawake walijaa dukani. Nilisimama nyuma yao nikaona jora linapungua, linapungua, na kila jioni lilikuwa jembamba kuliko asubuhi. Mimi sikuwaza kwamba ni kwa sababu linauzwa. Niliwaza habari za jicho baya nilizosikia kwa bibi zangu, jicho linalokausha maziwa kwenye kiwele, na nikazichanganya na maneno ya mwalimu. Nikaamini kwamba macho yangu yanaila ile nguo.

Bwana Mselemu alipopona alikuja kulipima jora lililobaki. Siku zile nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono minne ilikuwa shuka moja. Jora lile lilikuwa limefunguliwa wiki ileile, nalo lilikuwa na mikono sitini kwa mkono wake mwenyewe; alilipima siku aliyolinunua, kama alivyopima kila jora. Athumani alifunga fundo kwenye kamba kwa kila shuka aliyouza, na mafundo yalikuwa kumi. Ilipasa ibaki mikono ishirini. Ilibaki kumi na sita na kipande. Karibu shuka nzima haikuonekana.

Athumani aliapa kwa dini yake kwamba hakuchukua hata uzi, na Bwana Mselemu alimwamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuaminika. Ndipo mmoja wa waliokuwapo akasema, "Kuna yule msichana wa misheni. Kila siku yupo hapa mlangoni, hanunui kitu." Na mimi, kama aliyeitwa, nikatokea na kibao changu.

Bwana Mselemu alinishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa ukali. "We mtoto, niambie kweli. Shuka yangu umeichukua wewe?"

Nililitazama jora. Lilikuwa limekonda kweli. Nikamkumbuka mwalimu na kidole chake, nikaona huu ndio mtihani wenyewe, kwamba Mungu ameniuliza kwa kinywa cha mwenye duka, na nikisema uongo nimepotea. Nikajibu, "Ndiyo, bwana. Nimeiba."

"Umeipeleka wapi?"

Sikujua nguo iliyoliwa na macho hukaa wapi. Nilinyamaza. Watu wakasema, tazameni kiburi chake, amekiri wizi lakini hataki kurudisha mali.

Jioni ile jumbe wa eneo letu alifika nyumbani, ng'ombe wakiwa wanaingia zizini. Hakuketi.

"Binti yako kakiri mbele ya watu," alimwambia baba. "Mwenye duka ni mtu mwema, hataki makuu. Toa yule mwekundu mwenye paji jeupe, nimpelekee kabla giza halijaingia, na mambo yaishe. Ukikataa, keshokutwa ni siku ya shauri bomani. Huko kuna kiboko, ishirini na tano. Mtoto hapigwi. Atapigwa aliyemzaa."

Yule mwekundu ndiye pekee aliyekuwa na maziwa wakati ule. Baba alinitazama. Hakuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Aliingia ndani, akatoka na kamba, akaelekea zizini.

Ndipo shangazi yangu, Mbeleje, dada yake baba, akatokea kwenye njia na vibuyu vyake vitupu kichwani. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye tundu kubwa za masikio na sauti kavu. Hakuwa msomi wala hakuwa Mkristo. Kazi yake ilikuwa kuuza maziwa mgando mlangoni pa boma siku za shauri, kwa watu wanaosubiri kuitwa.

"Kaka, hiyo kamba ya nini?"

Jumbe ndiye aliyejibu, akamweleza yote.

"Basi iweke chini kwanza," shangazi alisema. "Ukimtoa ng'ombe leo, kesho nani atauliza kama mtoto aliiba? Ng'ombe atakuwa ameshajibu."

Jumbe alicheka. "Mbeleje, wewe muuza maziwa umekuwa kadhi tangu lini?"

"Tangu nilipokaa mlangoni pale mvua nne, Jumbe. Anayeshinda ananunua maziwa kwa furaha, anayeshindwa ananunua kwa huzuni, na wote wananisimulia. Sasa nikuulize. Wewe ulimwona mtoto akichukua?"

"Sikuona. Nimesikia."

"Nguo imeonekana kwake?"

"Haijaonekana. Lakini amekiri!"

"Basi mwenye duka ana haki ya kushitaki, na sisi tuna haki ya kusikilizwa. Mwambie tutakuja keshokutwa kwa miguu yetu, hatukimbii. Na ng'ombe wetu abaki, ana ndama."

Jumbe aliondoka akinung'unika kwamba kuna watu hutafuta viboko kama watafutavyo asali. Baba akabaki ameshika kamba.

"Dada," alisema, "na kikiwa kweli hicho kiboko?"

Shangazi alifikiri kabla ya kujibu. Mpaka leo namheshimu kwa jibu lile, kwa kuwa hakumdanganya. "Sijapata kuona pale mtu akipigwa kwa kosa la mwanawe. Lakini kaka, sijaona yote."

Baba aliitundika kamba mahali pake.

Shangazi aliniita nimsaidie kuosha vibuyu. Alivisuuza kwa maji, akatia vijiti vya moto ndani, akavitikisa, moshi ukatoka, na bila kunitazama akaanza kuuliza.

"Shuka iko wapi?"

"Sijui, shangazi."

"Uliificha?"

"Hapana."

"Uliishika?"

"Sijawahi kuishika."

"Sasa mwanangu, uliibaje?"

"Kwa macho."

Nikamweleza yote: mwalimu, amri, jicho baya, jora linalokonda. Nililia nikimweleza. Nilitegemea atacheka, au atanipiga konzi. Hakufanya hata moja. Alitikisa kibuyu polepole.

"Lilikuwa linapungua kila siku?"

"Kila siku. Hata majora yaliyotangulia yalipungua, lakini wiki hii ndiyo lilipungua mbio kuliko yote."

"Wiki hii." Kibuyu kilisimama. "Wiki hii aliyekuwa anapima nani?"

"Yule mrefu."

Shangazi alikiweka kibuyu chini. Akanyoosha mkono wake, akautazama kutoka kiwiko hadi kidole, kisha akauchukua wangu akauweka juu ya wake. Wangu uliishia kwenye kifundo chake. Alicheka kidogo puani, akaniambia niende nikale.

Asubuhi yake tulikwenda sote wawili kwa Mama Sechelela, mwanamke mkubwa mwenye mdomo usiolala, aliyekuwa amejifunga kaniki mpya hadi chini ya vifundo vya miguu.

"Mbukwa, dada. Kaniki hiyo imekufunika vizuri," shangazi alimsalimu.

"Si ndiyo! Tulikimbilia sote, yule mfupi alipolala. Wewe hukusikia? Tulimpa jina shemeji yake, tukamwita Mkono wa Baraka. Kwa Mselemu shuka inaishia magotini, kwa Athumani unafunika mpaka dhambi zako."

"Naomba uje nayo kesho bomani, ipimwe."

Mama Sechelela akaacha kucheka. "Ipimwe? Halafu Mselemu akate kilichozidi? Mbeleje, mimi nilitoa mbuzi wangu kwa nguo hii. Nenda ukamtafute mjinga mwingine."

"Mtoto huyu wanamwita mwizi."

"Nimesikia. Namwonea huruma. Lakini huruma haifungwi kiunoni."

Tulikwenda kwa mwingine, jibu likawa lilelile. Njiani kurudi nilimwuliza shangazi kama tumeshindwa. Alisema, "Wanaogopa kwa haki. Hakuna aliyewaambia kama mali yao iko salama. Kesho nitamwuliza mwenye kujua."

Siku ya shauri baba aliamka mapema kuliko ng'ombe. Nilimkuta nyuma ya nyumba amevua nguo yake ya juu, anajipaka samli mgongoni, mkono wake ukihangaika kufika katikati. Wazee walisema ngozi iliyolainishwa haichaniki haraka. Aliponiona aliniita nimpake pale asipofika. Nilipaka. Mgongo wake ulikuwa mpana na wa moto, na mimi nilijua ni macho yangu ndiyo yaliyoupeleka kule. Sijapata tena katika maisha yangu kuomba kama nilivyoomba nikiwa na samli viganjani.

Barazani bomani palikuwa na watu wengi. Liwali aliketi kwenye kiti cha kamba, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kanzu safi, na nyuma yake alisimama askari mwenye tarbushi. Ukutani, kwenye kigingi, kiboko kilining'inia. Nilikitazama, nikajilazimisha kugeuza uso, nikiogopa macho yangu yatakifanya nini.

Bwana Mselemu alieleza shauri lake. Hakuongeza chumvi. Alisema jora lilikuwa hivi, mafundo ni haya, limebaki hivi, na mtoto alikiri. Liwali akaniita mbele.

"Binti, uliiba nguo ya mtu huyu?"

"Ndiyo, bwana."

Nyuma yangu nilimsikia baba akishusha pumzi. Watu wakaanza kunong'ona, na nadhani shauri lingeishia hapo, ila shangazi alikwisha simama.

"Shikamoo, Bwana Liwali. Mimi ni shangazi yake. Nimeona hapa watu wengi wakiulizwa kama walifanya, na kila mara wewe huuliza pia walifanyaje. Naomba na huyu aulizwe, kwa vile ni mdogo."

Liwali alimtazama. "Wewe si ndiye wa maziwa?"

"Ndiye, bwana."

"Ana haki," alisema liwali. Akainama kwangu. "Uliibaje, binti?"

"Kwa macho, bwana."

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Askari naye alicheka mpaka tarbushi ikalala upande. Liwali peke yake hakucheka. Aliinua kiganja, kicheko kikafa.

"Na mikono yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imeshika kibao cha kuandikia."

"Nani alimwona mtoto huyu ameshika nguo?" aliwauliza watu. Hakuna aliyejibu. "Nani ameiona nguo kwao?" Kimya. Akamgeukia Bwana Mselemu. "Kukiri kwa namna hii ni kwa mwalimu wake wa dini, si kwa baraza langu. Lakini nakujua, Mselemu, husemi uongo. Nguo imepungua. Nitaiandika imekwenda wapi?"

Nikaelewa, kwa kiasi nilichoweza kuelewa, kwamba bado hatujatoka. Kama nguo imepungua na hakuna mwingine, jina langu litabaki limening'inia pale pale kwenye kigingi pamoja na kiboko.

Shangazi akasema, "Bwana Liwali, wapo wanaoweza kukuonyesha ilikokwenda. Lakini kabla hawajasimama naomba neno lako. Mtu aliyenunua nguo dukani kwa haki, akapimiwa na muuzaji mwenyewe, na baadaye ikaonekana ana zaidi, ananyang'anywa?"

Liwali alizungusha tasbihi yake. "Aliyepima ni muuzaji?"

"Ni muuzaji."

"Mnunuzi hakuficha kitu?"

"Hakuficha."

"Kilichouzwa kimeuzwa. Hakiguswi. Nimesema mbele ya wote."

Shangazi hakumwita mtu. Alikaa tu, akaweka mikono mapajani. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha kutoka nyuma ya umati ikasikika sauti ninayoijua.

"Nipisheni! Nipisheni jamani, hamwoni mtu anataka kusema kweli?"

Mama Sechelela alijitokeza akitweta. "Ndani nimevaa nguo yangu ya ngozi, msinikodolee macho, hapa leo macho yana kesi," alisema, na akaivua kaniki akaikabidhi kwa askari.

Bwana Mselemu aliambiwa aipime. Aliweka kiwiko, akanyoosha kidole, moja, mbili, tatu, nne. Kikabaki kipande cha kama theluthi ya mkono. Aliipima tena. Kipande kikabaki. Liwali akamwita Athumani. Yule mrefu akapima, moja, mbili, tatu, nne, na nguo ikaisha pale pale kidole kilipoishia, kama imekatwa kwa ajili yake. Na kweli ilikatwa kwa ajili yake. Mwanamke wa pili akajitokeza na yake, ikawa vilevile.

Liwali aliichukua ile kamba ya mafundo, akayapitisha vidoleni mwake moja moja hadi la kumi. Kwa kila fundo, theluthi ya mkono na kidogo. Hakuhitaji kusema jumla. Bwana Mselemu alikuwa ameshaijua, maana alikuwa ameufunika uso wake kwa viganja, na mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Shemeji," alimwambia Athumani, "umeniuzia duka kwa mikono ya baba yako!"

"Mikono niliyopewa na Mungu ndiyo hiyo," Athumani alijibu kwa huzuni. "Ningepunguza wapi?"

Liwali aliamua kwamba hakuna mwizi, na kwamba tangu siku ile duka lile lipime kwa kijiti kimoja kilichokatwa sawa na mkono wa mwenyewe, yeyote atakayekuwa anauza. Watu wakaanza kuinuka. Shangazi hakuinuka.

"Bado, bwana. Mtoto aliitwa mwizi mlangoni pa duka, siku watu wamejaa. Hapa amesafishwa mbele ya hawa tu. Naomba asafishwe pale alipochafuliwa."

Jumbe, aliyekuwa pembeni, alitoa sauti ya kuchoka. Lakini Bwana Mselemu alisimama kabla liwali hajasema lolote. "Ni haki yake. Nitafanya."

Na alifanya. Siku ya pili, saa watu wanapotoka malishoni na mashambani, yule mtu mzima aliyeheshimiwa alisimama mlangoni pake, akaniweka mbele yake, akasema kwa sauti ile ya upole aliyolazimika kuikaza ili ifike mbali: "Nilisema huyu ameniibia. Nilikosea. Hakuchukua kitu changu. Atakayemwita mwizi ananisingizia mimi." Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, na mengine nimeyatoa mwenyewe kwa akina mama, lakini machache yamefika kimo cha maneno yale. Kisha akasema atanipa shuka moja ya kaniki, kuondoa uchungu.

Shangazi alishukuru kwa kupiga goti. Halafu akauliza, "Kwa mkono wa nani?"

Bwana Mselemu akaangua kicheko. "Athumani! Njoo umpimie mtoto."

Lakini nimetangulia mbele. Nataka nirudi njiani, ile siku ya shauri, tulipotoka bomani sisi watatu. Baba alitembea mbele, na jua lilipompiga samli iling'aa mgongoni na nzi wakamfuata. Hatimaye alisema, bila kugeuka, "Samli yote ile. Mama yake huyu mtoto atanisema." Shangazi akacheka mpaka akakaa chini kando ya njia, na baba naye akacheka, na mimi nikalia, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa kwamba mgongo ule utarudi nyumbani mzima.

Shangazi aliponyanyuka alinishika bega. "Sikiliza, mwanangu. Mimi Mungu wenu simjui sana, lakini naona ni mkubwa. Akikuuliza yeye, mwambie yote yaliyo moyoni, usimfiche. Ila ukiulizwa na watu wa baraza, waambie mikono yako ilifanya nini. Moyo wako si shauri lao. Na mtu akikudai, usilipe kwa hofu. Mwambie aonyeshe."

Nilibatizwa baadaye, na kwa neema ya Mungu nilifundisha wanawake na watoto mpaka macho yaliponichoka. Kila nilipofika kwenye amri ile ya mwisho niliifundisha kama nilivyofundishwa, kwa kuwa ni kweli: tamaa ni ugonjwa, na Bwana huuona kabla haujafika mkononi. Lakini sikuwahi kuimaliza bila kuwaeleza tofauti ya kiti cha Mungu na kiti cha liwali. Wengine walinishangaa. Mtoto mmoja aliniuliza aya ile iko sura ya ngapi. Nilimjibu kwamba nilipewa njiani, na mwanamke aliyekuwa amebeba vibuyu.

Shangazi Mbeleje alifariki Mdachi akiwa amekwisha ondoka siku nyingi. Alikuwa amebatizwa uzeeni, akisema kwa ule ukavu wake kwamba amesikiliza pande zote mbili na ameridhika. Mimi ndiye niliyekwenda dukani kununua kitambaa cha kumzika. Muuzaji alikuwa kijana mgeni, mfupi, akachukua ubao wake wa yadi. Ndani ya duka, akisubiri zamu yake, alikuwapo mtu mrefu sana, mgeni kwangu, mchunga ng'ombe kwa kumtazama.

Nikamwambia muuzaji, "Mwanangu, weka ubao chini. Nitalipa unachotaka. Nataka huyu apime, kwa mkono."

"Bibi, siku hizi ni yadi. Mkono wa huyu utanitia hasara."

"Najua," nilisema. "Kwa leo jipunje kwa ajili yangu."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliusukuma ubao kando. Yule mrefu akaweka kiwiko juu ya nguo, akanyoosha vidole, akahesabu taratibu, na mimi nikasimama pale nikiinusa nguo mpya. Tulipomfunika shangazi ilimtosha kichwa na miguu, na ikabaki ya kukunja.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe mtu wa kusimama kabla kamba haijafika zizini. Ukisingiziwa, akupe ulimi mtulivu na shahidi asiyeogopa. Ukikosea wewe juu ya mwingine, akupe moyo wa kusimama mlangoni pako na kusema nilikosea. Na siku atakapokupima, asitumie kijiti wala ubao. Akupimie rehema kwa mkono wake mwenyewe, ule mrefu, ikufunike mpaka miguuni na ibaki ya kukunja. Amina.